Karamu ya Mazimwi

Wanaonijua hawaamini kwamba mimi naweza kuona kinyaa. Nafanya kazi ya maabara katika kliniki moja ya binafsi hapa Lodwar, na kutwa nzima napokea vikopo vya kinyesi, mkojo na makohozi ya watu. Nafungua, nachota, napaka kwenye kioo, naangalia. Halafu nanawa mikono na kula chapati yangu bila wasiwasi. Kwa hiyo nikisema kwamba Jumamosi ile kule Kakuma nilitoka mbio dukani kwa Mamer nikatapika kando ya mabati, mbuzi wa watu wakinitazama, ujue sikuwa nadeka.

Mamer ndiye mwanamume niliyempenda. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, nami sikujaribu hata kuyaficha. Alikuwa Mdinka, mrefu wa kunifanya nishike shingo nikimwangalia, mpole, na alikuwa na tabia ya kucheka kwa macho kabla mdomo haujajua. Aliingia Kakuma akiwa mgongoni mwa mama yake, akakulia katika kambi ya wakimbizi, na sasa alikuwa na duka la kutengeneza simu na spika. Harusi isiyo na spika za Mamer, watu wa Kakuma waliihesabu kuwa kikao cha matanga.

Tulikutanishwa na mchezo, nami nilipanda gari Jumamosi kwenda Kakuma kuucheza. Kwa asiyeujua, ni hadithi inayochezwa mezani. Msimulizi wetu alikuwa Ayen, mwalimu wa shule ya msingi, dada wa Kidinka mwenye sauti ya kutuliza ng'ombe. Yeye ndiye aliyetuambia tuko wapi na nini kinatujia. Sisi wengine kila mmoja alikuwa mtu fulani ndani ya kisa, akasema anafanya nini, na dadu ya pande ishirini ikaamua kama ameweza. Mimi nilikuwa mganga mwenye fimbo. Bichiok, kijana wa miraba minne anayeuza maji ya baridi, alikuwa mwizi mwembamba wa kupenya madirishani. Kila mtu na ndoto zake.

Mamer hakucheza. Alikaa kwenye kona na spika yake, akachagua muziki wa nyuma.

Mwanzoni nilidhani kazi hiyo ni kuweka wimbo tu. Thubutu! Siku ya kwanza aliweka rumba, Bichiok akainuka kucheza na vita vikasahaulika, adui akatungoja weee. Siku nyingine aliweka kwaya. Mfalme anakata roho, Ayen mwenyewe akaanza kuitikia sauti ya pili. Tangu hapo Mamer akapiga marufuku maneno yanayoeleweka. "Neno likieleweka linaiba masikio," alisema. Akatafuta filimbi, ngoma tupu, milio ya kengele za ng'ombe. Akarekodi upepo ukipiga mabati na mto Tarach ukiwa umejaa. Alisema muziki ukisikika sana umeharibu, na usiposikika kabisa umeharibu vilevile. Nilimwona akisikiliza ngoma moja mchana kutwa, uso umekunjamana, kisha akaitupa kwa sababu ilikuwa na furaha kidogo mwishoni.

Na mimi nikifungua mdomo kuzungumza, alipunguza sauti ya spika. Kwa Bichiok hakupunguza. Kwa Ayen alipunguza kwa sababu ni msimulizi. Kwangu alishusha polepole, kidole kwenye simu, macho kwangu, mpaka sauti yangu ikawa peke yake chumbani. Mwanamke hahitaji kuambiwa zaidi ya hapo.

Nyumbani Lodwar mambo yalikuwa moto. Kaka yangu Ebenyo hakutaka hata kulisikia jina.

"Wanaume wa Turkana wameisha?" aliniuliza. "Ama kanisa yote hii hakuna mmoja ameona wewe?"

"Wameniona. Mimi ndio sijawaona."

"Siku moja watu yake watarudi kwao, na wewe utabebwa kama godoro. Usikuje kunililia."

Mama ndiye aliyesimama nami. Hakubishana na Ebenyo, alimnunia tu. Akampigia simu kaka yake, mjomba Ethuro, ashuke kutoka Kalemng'orok na mbuzi, Mamer aitwe aonekane. Basi Mamer akaja, amevaa shati jeupe, simu mfukoni kifuani. Mbuzi akachinjwa, akabanikwa mzima. Mjomba akachukua yale majani mabichi ya tumboni, yale ambayo bado hayajawa mavi, akampaka Mamer kifuani na kwenye paji la uso huku akimwombea, sisi wote tukiitikia kwa pamoja. Kwetu hiyo ndiyo baraka yenyewe. Mgeni hapakwi. Anapakwa mtoto wa nyumbani. Mimi nililia pale pale kwa furaha, hata Ebenyo akageuza uso asinione.

Mama, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni, alimsukumia Mamer nyama akamwambia, "Kula, mtoto yangu. Usiogopa." Mamer akala kidogo. Nikadhani ni haya.

Sasa turudi Jumamosi ile. Jua lilikuwa limepasua vichwa, na chumba cha nyuma cha duka kilikuwa na joto la tanuri. Ayen alifunga pazia tupate giza kidogo, akainamia meza.

"Mko mlangoni mwa pango," alisema taratibu. "Mnasikia harufu ya mafuta. Ndani kuna mazimwi. Hawajawaona. Wako kwa karamu."

Akamtazama Mamer. Mamer akatabasamu tabasamu la mtu aliyeficha zawadi, akabonyeza simu.

Sijui nikuelezeje sauti ile. Ilikuwa ya midomo inayofyonza, mafuta yanayomezwa, mfupa unaovunjwa kwa meno kisha unanyonywa uboho kwa pumzi ndefu. Mtu alicheua kutoka chini kabisa ya tumbo. Yote yalikuwa yamepunguzwa mwendo, mazito, yanavutika kama kamasi. Nilihisi mate yakinijaa mdomoni. Kinyaa kilinipanda, lakini kile kitamu cha mchezoni, cha kujua kwamba utakuwa shujaa sasa hivi.

"Ebu!" Bichiok aliziba masikio. "Hawa wanakula mtu ama wanakula matope?"

"Wanyama hawa," nilisema nikicheka. "Angalia vile wanafyonza. Hawana hata haya. Ayen, mimi naziba mlango na kuni, nawasha moto. Wafe wote humo ndani na uchafu wao."

"Rusha dadu."

Nikarusha. Kumi na tisa. Bichiok akapiga meza, Ayen akapiga makofi. Kwenye spika, sauti nyingi nzito zikaanza kuitikia kwa pamoja, mmoja akinena, wengine wakijibu, kama wanaapizana. 

"Wanaomba miungu yao," Ayen alinong'ona, amefurahi. "Moto unawafikia."

Kisha ikatoka sauti moja, nzito, ya chini ya ardhi: "Kuuula... mtoto yaaangu... Usiogooopa..."

"Woi! Hiyo ni zimwi mama!" Bichiok alianguka na kicheko. "Choma huyo kwanza!"

Nami nilikuwa nacheka. Mdomo wangu ulikuwa wazi kabisa, meno yote nje, wakati zimwi lilipokohoa. Kikohozi kikavu, kisha kingine, kisha koo likasafishwa kwa mguno mdogo. Makohozi ya kikohozi kile nimeyapima kwa mikono yangu mwenyewe, nikaona hayana kifua kikuu, ni moshi wa jikoni tu, nikamkumbatia mwenye nacho mlangoni mwa kliniki.

Nilimtazama Mamer. Alikuwa ananiangalia kwa hamu, nyusi juu, anangoja nimsifu.

Ndipo nikatoka nikatapika.

Alinifuata na jagi la maji. "Nakaale, nini? Umekula nini asubuhi?"

"Hiyo sauti umetoa wapi?"

Mungu wangu, akatabasamu. "Umetambua? Ni kwenu, ile siku ya mbuzi. Nimeshusha chini, nikapunguza mwendo, basi. Wiki mzima nilitafuta mazimwi kwa mtandao, yote ni ya uongo, mtu anajifanya. Hii ni kitu ya ukweli. Uliona Bichiok?"

"Huyo ni mama yangu, Mamer."

"Najua. Lakini sikutaja jina. Hakuna mtu anajua."

"Wewe unajua."

"Ni sauti tu, Nakaale. Hata mto nilirekodi."

"Mto ulikupa nyama? Mto ulikuita mtoto wake?"

Mbuzi mmoja alikuja kunusa matapishi yangu, nikampiga teke. Nilijisukutua, nikatema, na ladha haikutoka.

"Mbona hukurekodi kwenu?" nikamuuliza. "Mjomba wako Kuot hana meno? Supu anainywa kimya?"

"Kwetu haikuwa vile."

"Haikuwa vipi?"

"Wacha, Nakaale. Umekasirika, tutaongea baadaye."

"Haikuwa vipi? Sema!"

Aliangalia chini. Ana kope ndefu mwanamume huyo, na hata pale, nina ladha ya nyongo kinywani, niliziona.

"Sawa," alisema. "Nilishikwa na kichefuchefu. Ile kitu mzee alinipaka, na harufu yake, inanitiririka mpaka kwa tumbo, na yeye anavunja mifupa hapa, karibu na sikio yangu. Sikujua niweke macho wapi. Nikawasha simu irekodi, nijipatie kazi, nisitapike mbele ya watu. Nikirudi huku nikasikiliza. Nikasema, khalas, imetosha, pango ndio hii." Akainua uso. "Mimi nimekulia kwa kambi. Tunachinja, lakini tunaosha. Watu yenu ni watu wazuri, Nakaale. Lakini ukweli ndio huo."

Yaani mimi nalia kwa furaha, na mwenzangu pembeni anahesabu pumzi asitapike. Mimi naona baraka, yeye anaona pango. Na hakuja kuniambia. Angeniambia ningecheka, nakuapia, ningemletea sabuni mwenyewe. Badala yake alichukua kinyaa chake akakishusha sauti, akakipunguza mwendo, akakileta mezani watu waburudike.

"Ulinifanya nimchome mama yangu," nilisema.

"Ni mchezo! Na wewe ndio ulisema wachomwe. Ulisema ni wanyama. Mimi sikukuwekea maneno kwa mdomo." Alikuwa ameanza kuogopa sasa, sauti imepanda. "Uliposikia bila kujua ni nani, hata wewe ulisikia vibaya. Si ni kweli? Wewe na mimi tulisikia kitu moja!"

Lilikuwa neno la kweli, na kwa sababu lilikuwa la kweli lilinichukiza kupita yote. Niliona aibu iliyonifanya nitamani kuivua ngozi yangu niianike kwenye waya. Nilimsikia mama yangu akila nikamwita zimwi. Sasa nilijua hilo, na nilijua tutalijua sote wawili kila siku ya maisha yetu, tukiwa kitandani, tukiwa kanisani, tukiwa mezani kwa mama, mjomba akivunja mfupa.

"Maalesh," aliomba radhi polepole. "Maalesh, Nakaale. Nafuta sasa hivi, uone mwenyewe."

"Utafuta simu. Kichwa utafuta na nini?"

Akanyoosha mkono anifute kidevuni. Mkono ule ule uliokuwa ukishusha sauti ili nisikike. Nilikuwa nimeuota mkono huo. Ulipofika karibu na uso wangu ngozi ilijikunyata yenyewe, kama inavyojikunyata nikigusa konokono gizani, nikarudi nyuma mpaka nikagonga mabati.

"Usinishike."

"Nakaale."

"Nimesema usinishike! Nakuonea kinyaa."

Niliona neno likimwingia. Hakuwa mtu wa kulia, lakini mdomo wake ulitetemeka upande mmoja, na mimi nilitaka kuurudisha ulimi wangu na papo hapo nilitaka kusema tena, kwa nguvu zaidi.

Pazia likafunguka, Ayen akachungulia. Alituangalia mmoja baada ya mwingine. "Nakaale, uko sawa? Tuendelee ama tusimamishe?"

"Endeleeni," nikamwambia. "Mganga amekufa."

Nikaenda zangu. Sikugeuka, ila nilisikiliza kama ananifuata. Hakunifuata.

Kesho yake baada ya ibada nilikuwa Lodwar, kwa mama, nimekaa kwenye mkeka kivulini. Alikuwa amepika kichwa cha mbuzi. Ebenyo alikuwa ameenda kuangalia mpira. Tulikuwa wawili tu, na mama alikula kama alivyokula siku zote, kwa raha, taya la mbuzi mkononi, akilifyonza hadi mashimo ya meno.

Nilijaribu kutosikia. Nilijaribu kuongea juu ya mahubiri. Haikusaidia. Kila alipofyonza niliisikia ile spika, ile sauti nzito, na Bichiok akicheka. Nikarudisha tonge kwenye sahani. Nilimchukia Mamer kwa hilo kuliko kwa yote mengine, kwamba aliniharibia sauti ya mama yangu akila, nami nililelewa nayo, ilikuwa sauti ya siku ambazo kuna chakula.

"Mbona huli?" mama aliuliza. Nyumbani tunazungumza Kiturkana, na kwa Kiturkana mama yangu si mtu wa maneno ya kubahatisha.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, hewa? Sikiliza. Mjomba wako amepiga simu. Anasema wazee wa Mamer waje, wazungumze. Na Ebenyo amekubali. Nilimnunia mpaka akakubali." Alicheka, akakohoa, akasafisha koo. "Mwambie kijana alete wazee wake."

"Mama, hawaji."

"Wana msiba?"

"Hapana. Mimi nimekataa."

Aliacha kutafuna. Akaliweka taya la mbuzi kwenye sahani, akapangusa vidole kimoja kimoja.

"Ana mwanamke mwingine?"

"Hapana."

"Amekupiga?"

"Hapana, mama."

"Basi amefanya nini?"

Ningemwambia nini? Kwamba amewekwa kwenye spika Kakuma, na watu wakacheka, na mimi nikiwa wa kwanza? Kwamba lile neno lake la upole, la Kiswahili alichojikusanyia kwa ajili ya mgeni mmoja tu, lilikuwa kichekesho cha Jumamosi?

Kisha uso wa mama ukabadilika, kama mtu aliyekumbuka jambo.

"Ni kwa sababu alijiosha?"

"Alijiosha nini?"

"Siku ile. Baada ya mjomba wako kumpaka. Alizunguka nyuma ya nyumba nikamkuta anajisugua kifua kwa mchanga, karibu atoe ngozi. Maskini, alitetemeka aliponiona." Alitikisa kichwa akitabasamu. "Nikamletea maji na sabuni. Nikasimama pale kwenye kona nichunge mjomba wako asije. Nikamsaidia hata mgongo, shati lilikuwa limemgandia. Sikukuambia kwa sababu nakujua, una hasira za baba yako. Mtoto amekulia kambini, atajua wapi mambo yetu? Anajifunza. Mimi nilipoolewa nilikaa mwaka mzima siwezi kunywa damu ya ng'ombe kwa akina baba yako bila kuziba pua."

Alimwosha mgongo. Na simu ilikuwa wapi wakati huo, mfukoni mwa shati, inarekodi?

"Ni hiyo?" mama aliuliza. Tabasamu lilikuwa limeanza kufifia. "Nakaale, nakuuliza. Unamwacha mtu kwa sababu ya hiyo tu?"

Nilimtazama mikono. Ilikuwa inang'aa kwa mafuta.

"Ndiyo, mama," nikamwambia. "Ni hiyo tu."

Alinikagua uso kana kwamba anatafuta mtu aliyemjua. Halafu niliona pua yake ikikunjamana kidogo, mdomo ukivutika upande, jinsi anavyofanya maziwa yakiwa yameoza kibuyuni.

"Roho ndogo hivyo," alisema. "Sikukuzaa nayo."

Akachukua sahani yake, akainuka kwa kushika goti, akaenda kukaa upande wa pili wa nyumba, juani, akala peke yake amenipa mgongo.